Chumba Kisicho na Ngoma

Mara ya kwanza kuisikiliza albamu ya Freefall nilikuwa nasubiri ngoma. Ilikuwa usiku, niko kitandani na spika za masikioni, hosteli nzima imelala, na rafiki aliyenitumia hakuwa ameandika chochote zaidi ya "sikiliza hii". Piano ikaanza, fidla ikaingia, nami nikajua kwamba baada ya muda mfupi besi itashuka chini yao na ngoma zitaanza, kama ilivyo kawaida. Wimbo ukaisha. Ukaanza wa pili. Nilipofika wa tatu au wa nne ndipo nilipoelewa kwamba hakuna mtu mwingine anayekuja. Walikuwa Kenny Barron kwenye piano na Regina Carter kwenye fidla, mwaka 2001, na basi.

Niseme ukweli mwingine ambao hauniletei sifa. Niliipenda albamu ile kwa sababu ilisikika kama usomi. Nimekulia mahali ambapo jazi ni jina la bendi: Morogoro Jazz, Western Jazz, magitaa na saksafoni na watu wanaocheza hadi alfajiri. Hii ya Carter na Barron ilikuwa jazi ya watu waliokaa vitini, chumba kisafi, taa za manjano, mtu anakohoa kwa adabu. Nikajiona nimepanda daraja. Ilinichukua karibu mwaka mzima wa kusoma, kwa ajili ya insha ya darasani iliyokataa kuisha, kugundua kwamba chumba kile nilichokuwa nakiwaza ndicho hasa watu waligombania: nani aingie, nani abaki mlangoni, na nani apige humo nini.

Kabla ya historia, vyombo vyenyewe. Ndani ya piano kuna nyundo ndogo zinazogonga nyuzi za chuma. Sauti yake huzaliwa kwa pigo, na kuanzia hapo hufifia; mpigaji anaweza kukanyaga pedali ili aicheleweshe, lakini hawezi kuiongeza nguvu ikishatoka. Fidla ni kinyume chake. Upinde ukiwa juu ya uzi, sauti inaweza kuanza kama pumzi, ikakua, ikatetemeka, ikageuka katikati ya safari na kuisha pale tu mkono unapotaka. Tofauti ya pili ni ya mipaka. Piano imeigawa oktavu katika hatua 12 zilizo sawa, na kati ya hatua na hatua hakuna kitu. Shingo ya fidla haina vizuizi. Kidole kinaweza kusimama popote. Aliyekulia pwani analijua jambo hili hata kama hajawahi kulisema. Fidla za taarabu ya Unguja hupita katika sauti za maqamu za Kiarabu, na baadhi ya sauti hizo zimekaa kati ya vibao viwili vya piano. Katika kundi la taarabu asilia utakuta ganuni, udi na fidla, wala humsikii mtu akiuliza piano iko wapi.

Bluzi nayo ina sauti zake za katikati. Mwimbaji huishusha kidogo noti ya tatu au ya saba, isiwe ya furaha wala ya huzuni, ikae hapo katikati ikining'inia. Mpiga piano, ambaye hana njia ya kufika hapo, hufanya ujanja: hugonga vibao viwili vinavyopakana kwa wakati mmoja, na sikio husikia kitu kilicho baina yao. Mpiga fidla hufika kwa kuteleza tu. Kwa hiyo wawili hawa wakikaa peke yao, kila mmoja anaufichua upungufu wa mwenzake. Fidla inaonesha vile piano isivyoweza kulia, na piano, yenye vidole kumi na sauti nyingi kwa pamoja, inaonesha vile fidla ilivyo nyembamba.

Kisha kuna mapigo. Katika bendi, ngoma na besi huutunza mwendo ili wengine wapate kucheza juu yake. Wakiondoka, kazi huanguka kwenye mkono wa kushoto wa mpiga piano. Wapigaji wa zamani walikuwa na namna yao: noti nzito ya chini kwenye pigo la kwanza na la tatu, sauti za juu kwenye la pili na la nne, mkono ukiruka huku na huko kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Lakini mpiga piano anaweza pia kuacha. Anaweza kuinua mkono na kuuacha mwendo ubaki vichwani mwao tu. Hapo ndipo ilipo ladha ya muziki huu kwangu. Unawasikia watu wawili wakikubaliana kuhusu saa bila saa yoyote ukutani. Mmoja akichelewa, hakuna wa kumficha.

Fidla haikuingia katika muziki wa Wamarekani Weusi kupitia kumbi za konsati. Iliingia kupitia utumwa. Katika mashamba ya Kusini, watumwa waliojua fidla waliitwa kupiga kwenye dansi za mabwana, na mara nyingi walikodishwa kwa majirani kama anavyokodishwa farasi. Solomon Northup, mtu huru wa jimbo la New York aliyetekwa mwaka 1841 na kuuzwa Louisiana, alikuwa mpiga fidla. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1853 baada ya kukombolewa, anaieleza fidla yake kama mwenzi wa miaka ile, kitu kilichompunguzia kazi siku fulani na kumfariji nyingine. Kila ninaposoma kurasa hizo hujiuliza alijisikiaje mikono yake ikiwachezesha watu waliomnunua.

Mwanzoni mwa karne ya 20, katika okestra za dansi za New Orleans, mpiga fidla mara nyingi ndiye aliyekuwa kiongozi. Yeye ndiye aliyesoma noti na kuushika wimbo kama ulivyoandikwa, huku koneti na klarineti zikiuzungushia mapambo. John Robichaux na Armand Piron waliongoza okestra zao wakiwa na fidla mkononi. Lakini ukisikiliza santuri za kwanza za jazi, zile za mwaka 1917 na hata za King Oliver za 1923, fidla haipo. Tarumbeta ziliizidi nguvu katika kumbi za dansi. Na studio nazo hazikuisaidia: kabla ya maikrofoni kuanza kutumika mwaka 1925, wanamuziki walipiga mbele ya pembe kubwa iliyopeleka sauti kwenye sindano, na sauti ya fidla ilikuwa nyembamba mno. Palikuwa na fundi mmoja mjini London, Stroh, aliyeunda fidla yenye pembe ya chuma badala ya sanduku la mbao ili ipate kusikika. Nimeona picha zake; inafanana na fidla iliyomeza tarumbeta.

Wakati huohuo, katika kumbi za Ulaya na za Marekani yenyewe, fidla na piano pamoja zilikuwa na maana nyingine kabisa. Zilikuwa sonata: Mozart, Beethoven, Brahms. Wawili wenye nguo nyeusi, hadhira isiyotikisika, makofi yanayongoja hadi mwisho. Kijana aliyesomea fidla kwa bidii alisomea ili siku moja asimame pale, karibu na piano kubwa iliyofunguliwa. Vijana Weusi nao walisomea hivyohivyo.

Will Marion Cook, aliyezaliwa Washington mwaka 1869, alisoma fidla Oberlin kisha Berlin. Inasimuliwa kwamba baada ya konsati moja New York, gazeti lilimsifu kuwa mpiga fidla bora kabisa miongoni mwa watu Weusi. Cook alimwendea mwandishi, akamwambia kwamba yeye ni mpiga fidla bora wa dunia, akaivunja fidla na hakuipiga tena hadharani. Huenda kisa hiki kimeongezwa chumvi njiani, lakini kwamba Cook aliiacha njia ya konsati na kugeukia nyimbo za jukwaani, hilo halina ubishi. Miaka mingi baadaye Duke Ellington kijana alikuwa akimfuata kumwomba maarifa.

Anayenishika zaidi ni Eddie South. Alizaliwa mwaka 1904 katika mji uitwao Louisiana, ulioko Missouri, akakulia Chicago, akaonekana tangu utotoni kuwa na kipaji cha ajabu. Alifundishwa muziki wa konsati kwa ukamilifu. Kisha akafika mahali ambapo mafunzo yale yalipaswa kumpeleka, akakuta pamefungwa. Okestra hazikuwachukua wapiga fidla Weusi. Chicago hata chama cha wanamuziki kilikuwa viwili, Local 10 cha Wazungu na Local 208 cha Weusi, na havikuungana hadi mwaka 1966. South akaingia katika bendi ya Jimmy Wade, akajifunza jazi, akawa mfalme wa klabu za usiku, akipiga nyimbo za Kihangari na tango na bluzi kwa watu waliokuwa wakila. Walimpa jina la utani la "malaika mweusi wa fidla". Aliyelibuni labda alidhani anasifu.

Tarehe mbili huwa nazikumbuka pamoja. Eddie South alifariki Chicago mwaka 1962. Mwaka huohuo okestra ya New York Philharmonic, iliyoanzishwa mwaka 1842, ilimpata mwanamuziki wake Mweusi wa kwanza wa kudumu, Sanford Allen. Alikuwa mpiga fidla.

Na kuna kinyume chake, ambacho sikukiamini nilipokigundua. Mwezi Mei 1927, mjini Paris, George Enescu alisimama na fidla yake karibu na Maurice Ravel aliyekuwa kwenye piano, wakapiga kwa mara ya kwanza sonata mpya ya Ravel. Sehemu yake ya pili inaitwa Blues. Fidla inateleza, inakwaruza, inaiga gitaa la mtu wa Kusini. Ni muziki mzuri sana na sitaki kuuonea. Ravel aliipenda bluzi kwa moyo na aliwahimiza Wamarekani waithamini. Lakini iweke karibu na South. Bluzi ilikuwa imeshapewa kiti katika ukumbi wa sonata, kwa fidla na piano, huku mtu ambaye angeweza kuipiga bluzi hiyo na Brahms usiku mmoja akiwa anawazungukia wala chakula cha jioni kwenye klabu. Mwaka uliofuata South alivuka bahari kwenda Ulaya.

Paris ilimpa kitu kidogo. Mwaka 1937 aliingia studio pamoja na Stéphane Grappelli na mpiga gitaa Django Reinhardt, wakarekodi sehemu ya kwanza ya tamsha ya Bach kwa fidla mbili, ile ya D ndogo. Piano haipo katika santuri hiyo. Nafasi ya okestra nzima imechukuliwa na gitaa la Django. Upande mmoja wanaifuata Bach karibu na ilivyoandikwa, kwa mwendo wa swingi. Upande wa pili wanaiacha karatasi na kubuni papo hapo. Nimeisikiliza mara nyingi kuliko inavyostahili pengine, kwa sababu katika upande ule wa kwanza unamsikia South akipiga Bach, dakika chache tu, kama mtu aliyeruhusiwa kuingia nyumbani kwake kuchukua kitu alichokisahau. Kwamba ruhusa ilitolewa kwa sharti la swingi, hilo nalo linasikika.

Sasa turudi New York, 1944. Muungano wa wanamuziki ulikuwa kwenye mgomo wa kurekodi ulioanza Agosti 1942 na ambao kampuni kubwa kama Victor na Columbia hazikuumaliza hadi mwishoni mwa 1944. Timme Rosenkrantz, mwana wa ukoo wa kibwanyenye wa Denmark aliyeipenda jazi kuliko urithi wake, alikuwa na mashine ya kurekodi katika fleti yake. Wanamuziki walipita kwake usiku baada ya kazi. Erroll Garner alirekodiwa pale akiwa bado hajulikani. Na mwaka huohuo akaja Stuff Smith na fidla yake, Robert Crum akakaa kwenye piano.

Smith alikuwa kinyume cha South karibu katika kila jambo. Alisema mwenyewe mara nyingi kwamba mwalimu wake halisi alikuwa Louis Armstrong. Alishika upinde na kuukandamiza kama mtu anayepuliza tarumbeta, sauti yake ina mchanga ndani, na tangu miaka ya 1930 alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuiunganisha fidla na umeme ili tarumbeta zisimmeze tena. Katika klabu ya Onyx, mtaa wa 52, alichekesha watu kwa kofia na vituko. Mtu wa namna hiyo ukimwondolea ngoma ungetegemea atapwaya. Badala yake, katika rekodi zile za fletini, anapanuka. Crum hamshikii mwendo kila wakati. Anamtupia vipande vya muziki wa konsati, anasimama, anakimbia, na Smith anavidaka na kuvijibu kwa bluzi. Ni sebule, si ukumbi. Hakuna aliyelipa kiingilio. Nadhani ndiyo maana hakuna kofia wala vituko.

Wanahistoria wa jazi hupenda kuanza habari za fidla na mtu mwingine, Joe Venuti, Mwitaliano wa Philadelphia, na si kosa: santuri zake na mpiga gitaa Eddie Lang za mwaka 1926 ndizo zilizoirudisha fidla masikioni mwa watu. Nimemchelewesha makusudi, kwa sababu rekodi yake inayonihusu hapa ni ya uzeeni. Venuti alikuwa mtu wa mizaha mibaya. Inasemekana aliwahi kuisukuma piano dirishani kutoka ghorofani akitaka kujua italia kwa sauti gani ikifika chini. Alikuwa pia na mbinu ya kuulegeza upinde, kuupitisha mti wake chini ya fidla na nywele juu ya nyuzi, ili azipige nyuzi zote nne kwa pamoja, kama vile alikuwa akiionea wivu piano.

Lang, mwenzake, alirekodi mwaka 1928 na 1929 na mpiga gitaa Mweusi Lonnie Johnson. Kwenye karatasi ya santuri jina la Lang halikuandikwa. Aliandikwa Blind Willie Dunn, jina la kubuni la mzee kipofu Mweusi, kwa sababu kampuni iliuza santuri za Weusi na za Wazungu katika orodha mbili tofauti, na Mzungu na Mweusi wawili peke yao kwenye santuri moja hawakuwa na orodha ya kukaa. Desemba 1928 Louis Armstrong na Earl Hines walirekodi Weather Bird, tarumbeta na piano tu, ambayo hadi leo ndiyo watu hukimbilia wakitaka kueleza dueti ya jazi ni nini. Hines alikuwa amejifunza kuupiga mkono wa kulia kwa oktavu, kwa ukali, ili piano isikike juu ya bendi kama tarumbeta. Venuti na Hines walizaliwa mwaka mmoja, 1903, katika jimbo moja la Pennsylvania. Kila mmoja alipata umaarufu, akasahaulika, kisha akagunduliwa upya miaka ya 1960.

Mwaka 1975, wote wakiwa wamevuka miaka 70, walirekodi albamu ya wawili iitwayo Hot Sonatas. Jina ni mzaha, bila shaka, lakini neno sonata limo. Nilipoipata nilitegemea wazee wawili wanaokumbushana ujana. Kumbe Hines hana huruma hata kidogo. Mkono wake wa kushoto unaanza mwendo, unauvunja, unapotelea kusikojulikana, na Venuti anabaki hewani na upinde wake, hajui ardhi itarudi lini, halafu inarudi mahali pale hasa alipo yeye. Kuna nyakati najiuliza kama ni mapenzi au ugomvi. Kama mizani ya swingi ingepimwa kwa hatari, hii ndiyo ningeitaja kwanza. Na kila nikiisikiliza nafanya hesabu moja isiyo na maana: wangerekodi hivi mwaka 1928, mmoja wao angepewa jina la nani?

Grappelli nitampita haraka, ingawa alirekodi na wapiga piano wengi kuliko wote hawa. Yeye mwenyewe alianza kujipatia riziki kwa piano, akisindikiza filamu zisizo na sauti mjini Paris, na nadhani hilo lilimfanya awe mwenzi mwepesi mno. Anajua mpiga piano anaelekea wapi na anafika kabla yake, akitabasamu. Mwaka 1980 alikutana na Martial Solal, aliyemfanyia ukorofi wa kutosha. Mwaka 1990, akiwa na miaka 82, alikutana na McCoy Tyner, yule wa John Coltrane, mwenye mkono wa kushoto kama mlango wa chuma. Albamu inaitwa One on One. Ni ya kupendeza. Mimi huimaliza nikiwa sijaogopa popote.

Ninayoirudia zaidi ni ile ambayo hata wapenzi wa jazi hawaitaji sana: Leroy Jenkins na Muhal Richard Abrams, New York, 1977, mbele ya watu. Wote ni watoto wa Chicago, mji uleule wa Eddie South. Jenkins alianza fidla utotoni na kupiga kanisani. Alipofika shule ya sekondari ya DuSable, akaingia katika bendi ya mwalimu mashuhuri Walter Dyett na kushika saksafoni. Dyett mwenyewe alikuwa mpiga fidla. Kizazi kilichotangulia kilikuwa kimeshajua chombo kipi kinamlisha kijana Mweusi. Jenkins aliirudia fidla alipokuwa chuoni. Abrams alikuwa mmoja wa waanzilishi, mwaka 1965, wa AACM, umoja wa wanamuziki wa Upande wa Kusini wa Chicago walioamua kuandaa konsati zao wenyewe na kupiga tungo zao wenyewe, bila kumsubiri mwenye ukumbi.

Muziki wao si rahisi. Mara ya kwanza niliuzima baada ya dakika kumi. Hakuna mwendo wa kutikisia kichwa, fidla inakwangua, piano inanyamaza muda mrefu kisha inamwaga noti kama gunia la mahindi lililopasuka. Niliporudi baada ya kuwasoma South na Cook, nilisikia jambo jingine. Hawa hawaigizi sonata na hawaitanii. Wamekaa katika umbo lile la fidla na piano kama watu wanaokaa kwenye viti vyao, wala hawageuki kutazama mlango. Albamu ilipotolewa na kampuni ya Italia mwaka 1981 iliitwa Lifelong Ambitions, yaani matamanio ya maisha yote.

Hivyo narudi kwa Carter na Barron nikiwa na masikio mengine. Barron alikuwa mzoefu wa upweke huu wa wawili. Mwaka 1991, Copenhagen, alirekodi na Stan Getz miezi mitatu kabla saratani haijamchukua Getz, piano peke yake ikimbeba mtu aliyekuwa akiishiwa pumzi ya saksafoni. Carter alifunzwa fidla Detroit tangu miaka minne kwa njia ya Suzuki, ambapo mtoto hujifunza kwa kusikiliza na kuiga kabla ya kusoma noti, na nina hakika inasikika: hamsubiri Barron amalize sentensi ili ajue imekwenda wapi. Katika Misterioso ya Thelonious Monk, bluzi yenye hatua za kurukaruka iliyobuniwa kabisa kwa vidole vya piano, fidla inazipanda ngazi hizohizo, na kati ya ngazi na ngazi inateleza kidogo mahali ambapo Monk hakuwa na kibao.

Desemba ya mwaka uleule wa 2001 Carter alikwenda Genoa. Mji huo unatunza fidla ya Paganini, iliyotengenezwa na Guarneri del Gesù mwaka 1743 na kupewa jina la "mzinga" kwa ajili ya ukubwa wa sauti yake. Hutolewa kwa nadra na hupigwa na wachache. Kuna waliopinga wazi kwamba mtu wa jazi aiguse. Akaipiga, wa kwanza wa jazi na wa kwanza Mmarekani Mweusi, na baadaye akarudi kurekodi nayo. Natamani ningeweza kusema kwamba habari hiyo ilinifurahisha tu. Ilinifurahisha, kisha nikahesabu miaka tangu Cook arudi kutoka Berlin.

Mwaka 2010 alitoa albamu nyingine, Reverse Thread, yenye nyimbo za Afrika, na mmojawapo, Hiwumbe Awumba, unatoka kwa Abayudaya, jamii ya Wayahudi wa mashariki ya Uganda. Piano hakuna, kuna kora na akodiani. Niliusikia akodiani ikiingia chini ya fidla, nikacheka peke yangu, kwa sababu kwa sekunde chache ningeweza kuapa kwamba niko Unguja.

Wiki iliyopita nilimwekea mwenzangu wa chumbani Freefall kwa spika ya meza. Yeye ni mtu wa singeli. Alisikiliza akikunja nguo, wimbo wa kwanza, wa pili. Kisha akauliza, "Sasa hawa wenzao wamekwama kwenye foleni?" Nikamwambia hakuna wenzao. Akaacha kukunja, akasogeza kiti karibu na spika, akaniomba nirudishe mwanzo.